Anzia kwenye sanduku la mama: kukusanya santuri za jazi ukiwa Likasi

Santuri ya kwanza niliyoimiliki niliiua mwenyewe, kwa pamba na spiriti. Ilikuwa ya mizunguko 78 kwa dakika, nyeusi, nzito, vumbi jekundu la mtaa wa Panda limeingia hadi ndani ya mifereji yake. Nilikuwa nimesikia kwamba santuri husafishwa kwa spiriti, basi nikalowesha pamba na kusugua kwa kuzungusha. Nilipoona pamba inageuka nyeusi nikafurahi, nikidhani uchafu unatoka. Kumbe iliyokuwa inatoka ni santuri yenyewe. Nilipoiweka kwenye mashine, gitaa lilikuwa limezama chini ya mkwaruzo kama mvua ya Januari juu ya bati.

Aliyenieleza kosa langu ni fundi seremala wa mtaani kwetu, mtu ambaye hajawahi kumiliki santuri hata moja. Alininusa mikono akacheka. “Sheleki hiyo, ndugu. Sisi tunaiyeyusha kwa spiriti ndipo tupake makabati.” Ndivyo ilivyo. Santuri za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa kule India, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huila. Santuri za baadaye, za mizunguko 45 na 33, ni za plastiki ya vinili, nazo huvumilia zaidi. Kwa hiyo kabla ya kusafisha chochote, jua kwanza kilicho mkononi mwako. Igonge taratibu kwa kucha: sheleki hulia kama sahani ya udongo, vinili hutoa sauti butu. Sheleki ikianguka sakafuni hupasuka kama gudulia.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu siku hizi vijana wengi hapa Likasi na Lubumbashi wananiuliza swali moja: mzee, nataka kukusanya santuri za jazi, nianze na ipi? Wengi huja na orodha waliyoipata kwenye simu, albamu kumi bora za miaka ya hamsini na sitini, na orodha hiyo ni ileile anayoisoma mtu wa Tokyo au Paris. Sina ugomvi na orodha. Ila mtu wa Likasi akianzia Tokyo, atazipita santuri zilizo chini ya kitanda cha shangazi yake bila kuzitupia jicho.

Tuweke sawa jambo la jina kwanza, kwa maana linawachanganya wengi. Kwa Mmarekani, jazi ni namna fulani ya kupiga. Kwetu Kongo lilikuwa jina la bendi. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikazaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956 katika baa ya Oscar Kashama, ambayo ndiyo asili ya hizo herufi O na K. Walichopiga kilikuwa rumba, na rumba hiyo ilikuja kwetu kwa santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ambazo kampuni ya His Master's Voice ilianza kuzitoa mwaka 1933. Kujiita Jazz kulikuwa kujitangaza kuwa mtu wa mjini, wa kisasa, anayejua dunia inakwenda wapi. Hata hivyo damu ya jazi ile nyingine ilikuwamo. Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi kutoka Ubelgiji, alifika Léopoldville mwaka 1953 akifanya kazi na lebo ya CEFA, naye ndiye aliyewaonyesha wengi gitaa la umeme. Manu Dibango, Mkameruni mwenye saksofoni iliyojaa jazi, alikutana na Kabasele Brussels, na mwaka 1961 akahamia Léopoldville kupiga na African Jazz. Basi ukiambiwa kwamba santuri za African Jazz si jazi, itikia kwa kichwa halafu uzinunue.

Ila mimi ningekutaka uanze karibu zaidi, hapa hapa. Mwaka 1952, mji huu ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipita akiwa na mashine zake za kurekodia akamkuta kijana wa miaka kama ishirini na miwili, Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Bunkeya, ambaye baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Akamrekodi wimbo wa Kiswahili, “Masanga”, na nyingine. Zikatoka kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini, zikaenda Rhodesia, zikaenda Nairobi, ambako Mwenda mwenyewe alifika baadaye, kama jamaa yake Edouard Masengo. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, kwenye tamasha la muziki wa kiasili, miaka ishirini na moja kabla ya ajali ya barabarani iliyomuua mwaka 1990. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa na santuri zake akaandika nota zake moja moja, kazi iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mtu wa Likasi anayemjua Charlie Parker, mpiga saksofoni wa Marekani, lakini hajawahi kumsikiliza Mwenda kwa makini amefunga nyumba yake akaenda kuomba maji kwa jirani.

Na kumsikiliza Mwenda ni mazoezi ya kusikiliza jazi. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Weka santuri, fumba macho, fuata gumba peke yake kwa wimbo mzima: nyuzi nene, zinatembea. Ukimaliza irudie, safari hii ufuate kidole cha shahada, kinachochelewa kidogo na kujibu. Irudie mara ya tatu ukijaribu kuvishika vyote viwili kwa pamoja. Ukiweza hapo, siku utakapokutana na wapiga jazi watano wanaozungumza kwa wakati mmoja hutasema ni kelele.

Sasa, santuri zenyewe utazipata wapi? Duka la santuri hapa hakuna. Ziko majumbani. Wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walikuwa na mshahara, na fono ilikuwa fahari ya sebule. Wazee wa Panda, Kikula na Shituru walinunua disiki kama tunavyonunua vocha za simu leo. Wamekufa, watoto wamehamia Lubumbashi au Kolwezi, sanduku limebaki chini ya kitanda, juu yake gunia la unga wa bukari.

Adabu ya kuliendea sanduku hilo ni jambo ambalo siwezi kulipita haraka, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakiharibu. Usiende na pesa mara ya kwanza. Nenda ukasalimie, ukae, uulize habari za marehemu. Mama mmoja wa Kikula, mjane wa fundi wa kiwanda, alinikalisha siku tatu tofauti kabla ya kulifungua sanduku lake. Siku ya tatu alitoa santuri moja iliyofungwa kwa kitenge, akanikabidhi kwa mikono miwili. “Hii ilikuwa ya bwana yangu. Ukiipasula, utaniona.” Nilielewa kwamba nilikuwa nakabidhiwa amana. Mali ya marehemu ina wenyewe: ulizia watoto wako wapi, ulizia ndugu wa mume, hakikisha wote wanajua na wamekubali. Santuri uliyoipata kwa kumzunguka shemeji itakuletea baraza la ukoo mlangoni. Na ukinunua, waachie wenyewe nakala ya sauti kwenye simu. Haikugharimu kitu, na wao wamekupa jioni za baba yao.

Kabla ya kulipa, itazame. Itoe kwenye jalada kwa kushika ukingo na kibandiko cha katikati, vidole visiguse mifereji; mafuta ya kidole hushika vumbi. Ilaze mbele ya dirisha, mwanga uipige kwa ubavu, kisha izungushe polepole. Michirizi myembamba kama nywele inayoonekana tu kwenye mwanga mara nyingi haisikiki. Mchirizi ambao kucha inakwama ndani yake utaruka au kugonga kila mzunguko. Ukiona mng'ao umefifia ukawa kijivu kwenye sehemu zenye sauti kubwa, santuri hiyo ililiwa na sindano butu, na hakuna sabuni itakayorudisha kilicholiwa. Tazama pia tundu la katikati: mikwaruzo mingi kuzunguka tundu maana yake ilichezwa kila wikendi, pengine na mtu aliyekwishapata vikombe viwili. Kwa sheleki tafuta ufa; ufa ambao haujafika kwenye muziki unaweza kuvumiliwa, uliofika utakata sindano. Mwisho iweke kwenye meza tambarare uinamishe jicho usawa wake. Ikiinuka upande mmoja kidogo itacheza. Ikiwa kama bakuli, mwachie mwenyewe apandie maua.

Jalada lisikudanganye. Nimenunua jalada zuri mno la OK Jazz nikakuta ndani kwaya ya kanisa, na muuzaji wa Lubumbashi akaapa kwamba ndivyo Franco wa OK Jazz alivyoimba ujanani. Soma kibandiko cha katikati, linganisha namba yake na iliyo kwenye jalada, halafu tazama namba iliyochongwa kwenye ukanda mtupu baada ya wimbo wa mwisho. Ukanda huo ni cheti cha kuzaliwa. Kwenye santuri nyingi za lebo ya Blue Note za miaka ya hamsini na sitini utakuta hapo jina au herufi za Rudy Van Gelder, fundi aliyezirekodi na kuzichonga. Ukikuta RVG kwenye sanduku la mjane wa Shituru, usipige kelele. Mwambie ukweli kwamba ni kitu cha thamani, mkubaliane bei kwa moyo mweupe.

Kuhusu mashine: jambo la kwanza ni mwendo, la pili ni sindano, mengine ni mapambo. Mashine nyingi mpya huzungusha 33 na 45 tu. Kama unataka Mwenda wa 1952, unahitaji 78. Na hata ikiwa na 78, sindano si moja. Mfereji wa sheleki ni mpana, unataka sindano ya mikroni kama 75 kwenye ncha. Ule wa vinili unataka ndogo sana, 18 hadi 25. Sindano ya vinili kwenye sheleki hutumbukia hadi chini ya mfereji na kusoma takataka tu. Sindano ya sheleki kwenye vinili ni jembe. Na ile fono ya kuzungusha kwa mkono yenye sindano za chuma, nzuri sebuleni kama pambo, usiiguse kwa vinili hata kwa utani. Inalima mfereji mara moja tu na yamekwisha. Sindano ya almasi itakupa saa mia tano, pengine hata elfu moja ukiitunza. Ya yakuti huchakaa mapema sana. Andika kwenye karatasi siku uliyoifunga.

Umeme wetu unajulikana. Ukikatika katikati ya wimbo, mashine hupunguza mwendo na muziki hudidimia kama mtu anayesinzia. Hilo halidhuru santuri, inua tu mkono wa sindano. Linaloua ni umeme kurudi kwa kishindo. Zima swichi ukutani, subiri dakika kadhaa, na kama una uwezo, weka kifaa cha kutuliza umeme mbele ya amplifaya. Rafiki yangu mmoja wa Kambove huchezesha zake kwa betri ya gari na inveta, analala saa saba za usiku na Dr Nico, mpiga gitaa wa African Jazz, hana habari na mtu.

Vumbi la kiangazi na ukungu wa masika ndio maadui wawili wa hapa. Kwa vumbi: brashi laini kabla ya kila kucheza, kufuata mifereji, si kuikata. Kwa uchafu uliokaa: maji yasiyo na chumvi, yale safi ya kujazia betri, si asidi yake, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, suuza, kausha kivulini, usilowanishe kibandiko. Njia hiyo inafaa vinili na sheleki pia, ila sheleki usiiache majini, ifute na kuikausha mara moja. Kwa ukungu: toa majalada yapigwe hewa mvua zikikatika, na yale ya karatasi yaliyooza yabadilishe. Santuri zenyewe zisimamishe wima kama vitabu, zimebanana kiasi, zisilale moja juu ya nyingine na zisiegemee. Chini ya bati, Oktoba, karibu na paa, vinili hulegea kama mshumaa. Ziweke chini, ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Mimi zangu ziko palipokuwa kabati la viatu, na viatu vimehamia kwa paka.

Sasa tuje kwenye zile za nje, maana najua ndizo ulizozitaka tangu mwanzo. Ushauri wangu: nunua za ushirikiano kwanza, watu wawili wenye sauti tofauti kwenye jalada moja. Mpiga mmoja mkubwa akiwa peke yake na watu wake anaweza kukupita juu ya kichwa. Wawili wakikutana, kila mmoja anamweleza mwenzake, na wewe unasikia maelezo. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, “Ella and Louis”, lebo ya Verve, 1956: sauti ya hariri na sauti ya changarawe, nyuma yao piano ya Oscar Peterson. Kila mtu ninayemwanzishia hapo hurudi. Halafu Duke Ellington na John Coltrane, waliorekodi Septemba 1962 kwa Impulse: mzee wa miaka 63 na kijana wa 36 aliyekuwa moto kote, na kijana anapoza mikono kwa heshima. Ukimsikiliza Coltrane na saksofoni yake hapo, ndipo utaweza kumfuata kwingine anakowaka.

Kuna ya tatu ambayo huwezi kuikwepa kwa jina lake tu: “Katanga!” ya Curtis Amy na Dupree Bolton, Pacific Jazz, 1963. Vijana wakiiona hudhani ni mzaha. Ilirekodiwa California, katika mwaka uleule ambao askari wa Umoja wa Mataifa walivuka Lufira, Januari, wakaingia Jadotville na utengano wa Katanga chini ya Moïse Tshombe ukafa. Jina letu lilikuwa kwenye magazeti ya dunia nzima kila asubuhi. Bolton alikuwa mpiga tarumbeta wa ajabu aliyepotea magerezani. Rekodi alizoacha zinahesabika kwa vidole. Usitafute Katanga ndani yake, huioni. Ila kuishika hapa Likasi, kuisoma juu ya jalada, inafurahisha na kuuma kidogo.

Na ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote: “Uhuru Afrika” ya mpiga piano Randy Weston. Weston alitaka lugha ya Kiafrika, akachagua Kiswahili. Melba Liston alipanga vyombo, Langston Hughes aliandika maneno, na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anayasema kwa Kiswahili mwanzoni mwa santuri. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Tazama tarehe: ilirekodiwa New York, Novemba 1960. Novemba hiyohiyo, Louis Armstrong, akizungushwa Afrika kwa pesa za serikali ya Marekani, alikuwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Tshombe, kilomita kama mia na ishirini kutoka hapa, huku Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, akiwa amefungiwa nyumbani Léopoldville. Sisemi uache kumpenda Armstrong, nimekuambia umnunue. Ila weka santuri yake na “Uhuru Afrika” jirani kwenye kabati lako, ucheze moja baada ya nyingine jioni moja.

Usihangaikie matoleo ya kwanza. Chukua “Kind of Blue” ya Miles Davis, ya 1959: mashine iliyorekodi kikao cha kwanza ilikwenda polepole kidogo, kwa hiyo upande wa kwanza wa santuri za zamani hucheza juu kidogo ya sauti halisi, hadi iliporekebishwa mwaka 1992. Mwenye toleo la kwanza amelipa mara mia kwa sauti isiyo sawa. Toleo jipya zuri linatosha, na ukiwa na ndugu Brussels, mtume Place du Jeu de Balle, soko la mitumba linalofunguliwa kila siku, aende asubuhi mapema. Mwambie azibebe mkononi ndani ya ndege, kati ya kadibodi mbili ngumu, si kwenye begi la kupakiwa. Santuri za Kikongo zenyewe nyingi ziko huko, maana nyingi zilichapwa Ulaya na baadhi zikabaki huko. Mwambie aangalie lebo za Ngoma, Loningisa, Esengo, na Surboum ya Kabasele, pamoja na kila kilichotoka mwaka 1960, mwaka ambao watu wa African Jazz na OK Jazz walikwenda pamoja Brussels kwenye mkutano wa uhuru wakaimba “Indépendance Cha Cha”.

Mwisho, daftari. Kila santuri iingie na jina la aliyekupa, mtaa wake, siku, na alichokuambia. Langu lina kurasa arobaini sasa. Chini ya ile ya kwanza niliyoiua nimeandika: spiriti. Chini ya ile ya kitenge nimeandika jina la fundi wa kiwanda, na kwamba mjane wake huja kwangu Jumapili baada ya misa, hanywi chochote, anaketi karibu na mashine na kusema tuanze na upande wa pili, kwa sababu wa kwanza bwana yake hakuupenda.